Majivu na Samli katika Uganga wa Kale wa Bara Hindi

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu ana chaki mkononi. Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Tutasoma historia ya majivu.

Nadhani wengine mnacheka. Subirini kidogo. Kabla ya kuendelea, nataka kila darasa lifanye jambo moja. Chukueni majivu ya kuni, nusu kijiko tu, mtie matone machache ya maji, kisha mtu mmoja asugue kati ya vidole viwili. Anasikia nini? Anasikia utelezi, kana kwamba ameshika sabuni. Na kweli ameshika sabuni! Ndani ya majivu mna kitu kikali, na kitu hicho kikikutana na mafuta ya ngozi, hugeuza sehemu ya mafuta yale kuwa sabuni. Haya, anawe upesi, asije akawashwa. Kumbukeni vidole hivyo viwili, maana tutavirudia baadaye.

Sisi wenyewe si wageni wa jambo hili. Huko magharibi ya Kenya wanawake huchoma mabua makavu ya maharagwe na mimea mingine, hutia majivu katika chungu chenye vitundu chini, humimina maji juu, na maji yanayodondoka huyatumia kulainisha mboga ngumu. Bibi yangu alikuwa na chungu cha namna hiyo, na mimi nilipokuwa mtoto kazi yangu ilikuwa kukilinda kisipinduliwe na mbuzi. Bibi alijua kiasi kwa kuonja: tone moja kwenye ncha ya ulimi. Hakuandika popote. Lakini katika Bara Hindi, zamani sana, walikuwako waganga waliofanya maji hayo ya majivu kuwa dawa, wakayapima, wakayapanga kwa nguvu zake, na wakaandika kanuni zake kitabuni. Ndio tutakaowasoma leo.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: KSHARA. Nitalisema tena polepole: k-sha-ra. Ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya wataalamu wa Bara Hindi. Maana yake ni ile chumvi kali itokayo katika majivu ya mimea. Chini yake andika neno la pili: GHRITA. Maana yake ni samli, ile ile samli tunayopikia pilau. Waganga hao walikuwa na kawaida ya kuipika samli pamoja na mizizi, majani na maziwa mpaka nguvu ya dawa iingie katika mafuta. Kwa hiyo tuna vitu viwili: kimoja kikali kama moto, kingine kipole kuliko vyote vilivyomo jikoni. Swali la somo letu ni hili: kwa nini waganga hao waliviweka pamoja?

Uganga wenyewe huitwa Ayurveda, yaani elimu ya maisha. Vitabu vyake vikubwa vya kale ni viwili. Kimoja kina jina la Charaka, nacho chahusu zaidi dawa za kunywa na chakula. Cha pili kina jina la Sushruta, nacho ni maarufu kwa habari za upasuaji. Vitabu hivi havikuandikwa kwa siku moja wala kwa mkono mmoja. Viliongezwa na kupangwa upya na watu wengi kwa muda wa karne nyingi. Nakala moja ya kitabu cha Sushruta, iliyoandikwa juu ya majani makavu ya mti wa jamii ya mnazi mwaka wa 878, imehifadhiwa mjini Kathmandu katika nchi ya Nepal.

Sasa tumfuate mganga wa Sushruta akitengeneza kshara. Kwanza anachagua mti katika majira makavu baada ya mvua. Asitwae mti mchanga wala mti mzee, bali wa umri wa kati, usio na wadudu. Anaukata vipande, anavikausha, anavirundika mahali pasipo upepo. Juu ya rundo anaweka mawe ya chokaa, kisha anawasha moto kwa mabua ya ufuta. Moto ukizimika, majivu huwekwa mbali na mawe yaliyoungua. Halafu anachukua kipimo kimoja cha majivu na vipimo sita vya maji, au mkojo wa ng'ombe, anachanganya na kuchuja. Anachuja mara ngapi? Mara 21. Kisha anayachemsha maji yale katika chungu kikubwa, akikoroga polepole, mpaka yawe safi, mekundu, makali na yenye kuteleza kidogo.

Angaliwacha hapo angekuwa na dawa laini, kama maji ya bibi yangu yaliyochemshwa sana. Lakini Sushruta anaendelea. Yale mawe ya chokaa, pamoja na makombe ya pwani, yapashwe moto mpaka yawe mekundu kama makaa, yazimwe ndani ya sehemu ya maji yale, yasagwe, kisha yarudishwe chunguni. Ndipo kshara inapopata ukali wa kweli. Mwisho itiwe katika chombo cha chuma, na mdomo wake uzibwe.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana jambo hili ni la ajabu kwangu mimi. Kwa nini chokaa? Kwa nini chuma? Kwa nini kuziba mdomo? Kitu kilichomo katika majivu huitwa na wataalamu wa leo kaboneti ya potasiamu. Ni kikali, lakini si kikali mno. Ukikichanganya na chokaa iliyochomwa, chokaa hukinyang'anya ile hewa iliyofungika ndani yake, na kinachobaki ni potasi kali yenye kuunguza nyama. Ukiiacha wazi, huirudia hewa ile kutoka angani na kupoa tena. Mtaalamu wa kwanza kueleza sababu hiyo kwa vipimo alikuwa Mskochi, Bwana Joseph Black, katika andiko lake la mwaka wa 1756. Waganga wa Bara Hindi hawakujua sababu. Walijua kazi: kwamba kuna kshara laini, kshara ya kati na kshara kali, na kwamba ile kali lazima izibwe.

Wako waliokataa kusadiki. Mwaka wa 1902 mtaalamu wa Kibengali, Bwana Prafulla Chandra Ray, alitoa kitabu juu ya historia ya kemia katika nchi yake, na ndani yake aliusifu mpango huu wa Sushruta. Mfaransa mashuhuri, Bwana Berthelot, alikisoma kitabu hicho na kuona mpango ule ni mzuri mno. Akashuku kwamba umeingizwa baadaye, baada ya watu wa Ulaya kufika. Ray alimjibu kwa ushahidi. Alionyesha kwamba mwandishi Chakrapani, wa karne ya 11, anaeleza jambo lile lile, na kabla yake Vagbhata vile vile. Katika karne ya 11 hakuna meli ya Mreno iliyokuwa imefika Bara Hindi.

Turudi kwa mgonjwa. Kshara kali ilitumiwa kwa magonjwa yanayohitaji kuchomwa bila moto na kukatwa bila kisu: vidonda visivyopona, vinyama vya ngozi, na hasa bawasiri. Naomba msione haya. Bawasiri ni ugonjwa wa watu wengi, wakulima na makarani, wanaume na wanawake, na haya ndiyo inayowafanya wengi wateseke kimya kimya.

Mgonjwa hakupelekwa moja kwa moja kwenye kshara. Kwanza aliandaliwa kwa samli, ili mwili ulainike. Kisha alilazwa mahali penye mwanga, mtu wa pili akimshika, na mganga akaingiza chombo kama bomba fupi lenye tundu, ili aione bawasiri wala asiguse mahali pengine. Akapaka kshara. Halafu akaziba tundu la chombo kwa mkono, akangoja. Hakuwa na saa, kwa hiyo alingoja kwa muda wa kutamka silabi mia moja. Jaribuni sasa hivi, mtu mmoja ahesabu kwa sauti, mtaona kwamba si muda mrefu. Muda ukiisha, anatazama rangi. Kama bawasiri imekuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, basi yatosha. Sushruta anataja tunda hilo hilo, ndugu zangu. Kwa Kisanskriti huitwa jambu, na mzambarau unaowapa watoto wa pwani midomo ya rangi umetoka upande huo wa dunia.

Baada ya rangi hiyo kutokea, mganga hana nafasi ya kuzubaa, kwani kshara haijui kwamba kazi yake imekwisha. Itaendelea kula nyama. Anamimina kitu kichungu chenye ukali wa ndimu: maji ya uji uliochacha, au maji ya mtindi, au siki. Ndipo baadaye anapaka samli iliyochanganywa na unga wa mzizi mmoja mtamu, ule ambao Waarabu huuita sus.

Sushruta mwenyewe anauliza swali ambalo mwanafunzi mwerevu angeliuliza. Siki nayo ni kali. Yawezaje kuzima kitu kikali? Jibu lake ni kwamba kshara ina ladha zote isipokuwa uchachu, na uchachu ukiingia, ukali wake hugeuka upole, kama moto uliomwagiwa maji. Sisi leo husema kwamba asidi na alkali zikikutana huzimana, na hubaki chumvi na maji. Maneno ni tofauti, lakini mkono wa mganga ulifanya lile lile. Na tazameni utaratibu: uchachu kwanza, samli baadaye. Samli haizimi kshara. Samli hufunika jeraha na kutuliza maumivu, wakati moto umekwisha zimwa na mwingine.

Nawaeleza jambo hili kwa sababu. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na bawasiri, akaona haya kwenda hospitali. Mchuuzi wa dawa akamwuzia unga uliotengenezwa kwa majivu na chokaa, akamwambia apake na kulala. Akapaka, akalala. Hakuna aliyehesabu mpaka mia, wala hakuna aliyekuwa na siki mkononi. Asubuhi wanawe walimchukua juu ya machela, na alikaa hospitali muda mrefu akilala kifudifudi. Yule mchuuzi alikuwa na nusu ya elimu ya Sushruta, ile nusu inayounguza. Kitabu chenyewe kilikwisha onya: kshara mikononi mwa mjinga kimeifananisha na sumu, moto, silaha na radi. Tena kimekataza isitumiwe kwa mtoto, kwa mzee, kwa mtu dhaifu, wala kwa mwanamke mwenye mimba.

Hiyo ilikuwa kshara ya kupaka. Iko pia ya kunywa, nayo ndiyo iliyoingizwa ndani ya samli. Hapo hutumiwa ile laini, isiyo na chokaa, mara nyingi ya majivu ya shayiri. Katika Charaka imo dawa iitwayo shatpala, yaani “pala sita”. Pala ni kipimo cha uzito. Kwa vipimo vya Ayurveda vinavyotumika India siku hizi, ni kama gramu 48. Hutiwa pala moja ya kila kimoja: pilipili ndefu, mzizi wa pilipili ndefu, aina nyingine ya jamii hiyo iitwayo chavya, mzizi mkali wa chitraka, tangawizi kavu, na kshara ya shayiri. Jumla sita. Vyote hupikwa ndani ya samli na maziwa. Ilitolewa kwa uvimbe wa tumbo na kwa chakula kisichosagika. (Pilipili ndefu kwa Kisanskriti huitwa pippali. Neno hilo lilipita kwa Waajemi, likatufikia sisi kwa sura ya “pilipili”. Mnalisema kila siku sokoni.)

Kuipika samli ya dawa ni kazi ya uvumilivu. Kanuni ya kawaida ni sehemu moja ya viungo vilivyosagwa, sehemu nne za samli, na sehemu kumi na sita za maji au maziwa. Moto uwe mdogo. Mpishi anajuaje kwamba imeiva? Anatwaa kidogo cha ule unga uliosagwa, anausokota kati ya vidole kama utambi, anautia motoni. Ukilia kwa kuchakarika, maji yangalimo. Ukiungua kimya, maji yamekwisha. Tena katika samli povu hutulia inapoiva, lakini katika mafuta ya ufuta povu hupanda. Mpishi asiyejua tofauti hiyo ataunguza kazi ya siku nzima.

Sasa vikumbukeni vidole viwili vya mwanzo wa somo. Kshara ikikutana na mafuta, nini hutokea? Sehemu ya mafuta hugeuka sabuni. Mfaransa Chevreul aliieleza siri ya sabuni kwa ukamilifu katika kitabu chake cha mwaka wa 1823. Hivyo ndani ya chungu cha samli ile, sehemu ndogo ya kshara hutumika kwa kushikana na mafuta, na sehemu nyingine hutawanyika ndani yake. Mtu anayemeza kijiko cha samli hiyo hakutani na kshara tupu kwenye koo lake. Kwa maoni yangu hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Samli ilikuwa chombo cha kubebea kitu ambacho peke yake kingedhuru njia yote ya chakula.

Wala waganga wenyewe hawakudhani kwamba hatari imekwisha. Charaka anataja vitu vitatu ambavyo mtu asivitumie kwa wingi wala kwa muda mrefu: pilipili ndefu, kshara na chumvi. Hesabuni tena dawa ya pala sita, mtaona viwili kati ya hivyo vitatu vimo ndani yake! Hii ndiyo tofauti ya dawa na chakula. Juu ya kshara anasema kwamba watu wa miji na nchi zinazoila daima hupatwa na upofu, upungufu wa nguvu za kiume, upara, mvi na maumivu ya moyo, na anawataja watu wa mashariki na Wachina kuwa mfano. Sithubutu kusema kwamba Wachina walikuwa na upara kuliko wengine. Lakini tabia ya kutazama kile ambacho watu wengi hula na ugonjwa ambao watu hao huugua, hiyo ni tabia ya mtaalamu.

Kwa mawe ya kibofu, Sushruta anashauri kwanza zijaribiwe samli za dawa, kshara, maji ya mizizi na maziwa. Zikishindwa, ndipo kisu, na kabla ya kisu mganga aombe ruhusa ya mwenye mamlaka, kwa kuwa mgonjwa aweza kufa. Siku hizi madaktari hutoa dawa yenye potasiamu ili kupunguza uchachu wa mkojo kwa mawe ya aina fulani, ingawa si kwa mawe yote, na hupima damu kwanza, kwa maana potasiamu ikizidi huweza kuusimamisha moyo.

Je, elimu hii imekufa? Haikufa. Huko Kerala, kusini mwa India, wangali wanatengeneza samli iitwayo indukantham, ambayo ndani yake mna vile viungo vya pala sita. Lakini sehemu iliyopata kupimwa kwa njia ya hospitali za leo ni nyingine, nayo ni uzi.

Kuna ugonjwa uitwao nasuri, yaani njia ya usaha inayotoboka karibu na njia ya haja kubwa, ikaziba na kufunguka kwa miaka. Chakrapani, yule wa karne ya 11, ameeleza uzi uliopakwa dawa kwa ajili yake. Katika miaka ya 1960, Daktari P. J. Deshpande na wenzake wa Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, mjini Varanasi, waliufufua. Uzi hupakwa mara 11 utomvu mweupe wa mmea wa jamii ya mnyaa, ule tunaoupanda kuwa ua. Kisha hupakwa mara 7 utomvu na kshara ya magugu ambayo mbegu zake hunasa nguo zetu njiani. Mwisho mara 3 utomvu na manjano. Jumlisheni wenyewe, mtakuta hesabu tuliyoitaja wakati wa kuchuja majivu. Uzi hupitishwa katika njia ya usaha, hufungwa, na kila juma hubadilishwa. Hukata polepole kutoka ndani, huku nyuma yake nyama ikipona.

Baraza la Utafiti wa Tiba la India lilichukua wagonjwa wa hospitali kadhaa, wengine wakatiwa uzi, wengine wakapasuliwa kwa kisu, na kura ndiyo iliyoamua nani apate nini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1991. Waliopasuliwa walipona kwa majuma kama 4, wa uzi kwa majuma kama 8. Lakini ugonjwa uliwarudia watu 11 katika kila mia waliopasuliwa, na watu 4 tu katika kila mia waliotiwa uzi.

Kwa juma lijalo, kila mmoja amwulize mzee mmoja wa nyumbani kwake matumizi ya majivu aliyoyaona katika ujana wake, aandike sentensi tano, na aeleze kiasi kilipimwaje. Walimu wasahihishe herufi kubwa na nukta. Mwenye bawasiri miongoni mwenu aende hospitali kesho asubuhi, wala asingoje juma lijalo. Kwa herini.